Safura: mnyoo wa watu wazima tunayemtafuta kwa watoto

Shangazi yangu alikuwa na kawaida ya kufunga kitu kwenye pindo la kanga. Wenzake hufunga hela. Yeye alifunga udongo wa kichuguu, mkavu, uliovunjwavunjwa vipande kama kashata. Akiwa shambani anapalilia muhogo, mara alifungua pindo, akachukua kipande, akakimung'unya, akarudi kwenye jembe. Sisi watoto tulimwomba naye akatugawia, na sitasema uongo, ulikuwa mtamu. Una harufu ya mvua ya kwanza ikipiga vumbi.

Nilipokuwa darasa la nne alianza kuhema kila akipanda kile kilima cha kutoka kisimani. Mwaka uliofuata miguu ikavimba, ukimbonyeza kidole kinaacha shimo. Uso wake uliokuwa mweusi wa kung'aa ukaingia rangi ambayo mama aliita ya majivu. Kijiji chetu, kaskazini ya Tanga, hakikosi maelezo: wapo waliosema amerogwa, na wapo waliosema ni uvivu tu, kwa kuwa kila akimaliza matuta mawili alikwenda kukaa chini ya mkorosho. Wazee walikuwa na neno moja, safura. Na sababu waliijua pia: ni ule udongo.

Neno hilo nilikuja kukutana nalo miaka mingi baadaye mahali ambapo sikulitazamia. Mwaka 1870 David Livingstone alikuwa amekwama Bambarre, katika nchi ya Manyema, mashariki ya Kongo ya leo, hawezi kusafiri kwa sababu ya vidonda vya miguu. Katika shajara za safari hiyo, zilizochapishwa mwaka 1874 baada ya kufa kwake, aliutaja ugonjwa wa kula udongo kwa jina lake la Kiswahili, safura, akasema ndivyo unavyoitwa Unguja. Akaueleza kwa makini: miguu huvimba, nyama za mwili huisha, uso hunyong'onyea, mgonjwa akitembea hatua chache pumzi humwishia, na huku anaendelea kula udongo mpaka anakufa. Walikuwapo waliodai kwamba watumwa hula udongo ili wajiue. Livingstone alikataa. Alisema hata matajiri wenye chakula tele huupata.

Sijui mara ngapi nimesoma maelezo hayo, na kila mara ninayemwona ni shangazi, amekaa chini ya mkorosho.

Wazee wetu na yule Mskoti waliona sawasawa kila kitu isipokuwa kimoja. Neno safura lina asili ya Kiarabu, lina undugu na manjano na nyongo, na kwa mgonjwa aliyepauka lilistahili kabisa. Lakini udongo haukuwa mlango wa ugonjwa: safura huletwa na minyoo wanaonyonya damu tumboni. Mwaka 2007 Sera Young na wenzake, waliofanya utafiti Zanzibar, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba kula udongo hakukuhusiana na kuambukizwa minyoo wa safura. Miaka mitatu baadaye wakachapisha mengine, safari hii kuhusu wajawazito: wenye tabia ya kutafuna udongo na vitu kama hivyo walielekea zaidi kuwa na upungufu wa damu. Kwa maneno mengine, hamu ya udongo huandamana na damu iliyopungua, na mnyoo ana njia yake nyingine ya kuingilia. Anayeuza pemba za udongo sokoni Kariakoo hauzi minyoo, ingawa simtetei moja kwa moja, maana udongo wa aina fulani hunasa madini ya chuma tumboni yasifike kwenye damu.

Njia yenyewe iligunduliwa kwa ajali. Arthur Looss, Mjerumani aliyekuwa akifundisha tiba Cairo, alikuwa akifanya majaribio na lava wa safura, yaani watoto wa mnyoo waliokwisha kuanguliwa wakawa tayari kumwingia mtu. Wakati huo kila mtaalamu aliamini kuwa minyoo hawa huliwa au hunywewa. Tone la maji yenye lava likamdondokea mkononi. Baada ya dakika chache pakawasha, pakawa pekundu. Alipochunguza ile michirizi ya maji iliyobaki juu ya ngozi hakuona lava, aliona magamba matupu waliyoyavua. Wenyewe walikuwa wameshaingia. Looss akaanza kupima choo chake mwenyewe, na baada ya majuma kadhaa akayaona mayai. Alitangaza habari hiyo mwaka 1898, na wengi hawakumsadiki mpaka alipofanya majaribio zaidi.

Kwa hiyo safari huanzia mguuni. Mtu mwenye minyoo anajisaidia kichakani au pembeni ya shamba. Mayai yakipata udongo wenye unyevu, joto na kivuli, huanguliwa baada ya siku moja au mbili, na baada ya siku tano hadi kumi lava wako tayari. Wanapenda mchanga kuliko udongo wa mfinyanzi, kwa sababu kwenye mchanga wanapanda na kushuka kwa kufuata unyevu. Ukitaka kuwajengea nyumba, huwezi kuwatafutia mahali pazuri kuliko mchanga wa pwani yetu chini ya minazi na mikorosho. Hapo husubiri unyayo. Wakiupata hupenya katikati ya vidole, na mtu hujikuna akidhani ni siafu au upupu. Huchukuliwa na damu hadi kwenye moyo, kisha mapafu, wakapanda koo, wakamezwa na mate, wakafika utumbo mwembamba. Kuanzia unyayo hadi kutaga mayai ni kama miezi miwili. Mnyoo aliyekomaa ana urefu wa sentimita moja hivi. Ule mdomo wake una meno, au vipande vikali kama makali ya wembe kwa jamii nyingine, na mate yake huzuia damu isigande. Anauma, ananyonya, anahama pembeni kidogo, anauma tena, na kidonda cha kwanza kinaendelea kuchuruzika.

Jamii ziko mbili kubwa. Necator, aliyeenea zaidi katika sehemu kubwa ya Afrika, hula kama mililita 0.03 za damu kwa siku, pungufu ya tone moja. Ukisikia hivyo unaweza kumhurumia. Basi tupige hesabu. Minyoo mia moja ni mililita 3 kwa siku, mililita 90 kwa mwezi, karibu nusu kikombe cha chai. Mwanamke kwa kawaida hupoteza mililita 30 hadi 40 katika hedhi. Minyoo mia moja wanamtoza zaidi ya maradufu ya hiyo, kila mwezi, bila kupumzika hata akiwa mjamzito. Kwa mwaka inapita lita moja, katika mwili wenye lita nne au tano tu. Na mnyoo huyu haishi msimu mmoja kama panzi: huishi miaka mitatu hadi mitano, pengine zaidi. Ancylostoma, ile jamii ya pili, huishi muda mfupi zaidi lakini kwa siku hula mara tano ya Necator au kuzidi. Mwili unaokula ugali na mboga za majani, nyama kwa sikukuu, haupati madini ya chuma ya kurudisha kinachoibwa. Protini nayo huvuja pamoja na damu, na hapo ndipo miguu huvimba.

Damu ikiwa nyekundu nusu, mtu hufanya kazi nusu. Mwili hauna njia nyingine. Lakini anayemtazama kwa nje huona mvivu, na kashfa hiyo imewapata wengi. Wachimbaji wa handaki la reli la Gotthard, lililotoboa milima ya Alps kati ya 1872 na 1882, walipauka na kudhoofika kwa wingi mpaka Edoardo Perroncito wa Turin akaonyesha kuwa ni safura: walijisaidia mlemle handakini, kwenye joto na tope. Huko Marekani, Charles Wardell Stiles alipoeleza mwaka 1902 kwamba Necator ameenea katika majimbo ya kusini, magazeti yalishangilia kwamba kijidudu cha uvivu kimepatikana. Wakulima maskini wa huko, weupe na weusi, walikuwa wametukanwa kwa vizazi kuwa ni wazembe wa asili. Mwaka 1909 John D. Rockefeller akatoa dola milioni moja kwa tume ya kuuondoa ugonjwa huo, na wapimaji wa tume hiyo walikuta watoto wapatao 4 katika 10 wameambukizwa. Walowezi wa Afrika Mashariki walioandika kurasa kwa kurasa kuhusu uvivu wa vibarua wao hawakutumwa tume ya namna hiyo kuwaeleza walichokuwa wanakitazama.

Sisi wa pwani tunayo tume yetu, na iko Pemba. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Wizara ya Afya ya Zanzibar na wenzao kutoka nje, akiwamo Rebecca Stoltzfus, walipima damu na vyoo vya wanafunzi 3,595 wa kisiwa hicho. Matokeo yalichapishwa mwaka 1997: watoto 62 katika kila 100 walikuwa na upungufu wa damu. Safura peke yake ilibebeshwa robo ya upungufu wote huo, na ulipotazamwa ule mkali zaidi, asilimia 73. Mwaka uliofuata Marco Albonico na wenzake wakaonyesha kwamba panapokuwa na Ancylostoma hali ya watoto huwa mbaya zaidi. Mwaka 2000 ikafunguliwa maabara huko Wawi, karibu na Chake Chake, yenye jina la Ivo de Carneri, mtaalamu wa vimelea wa Italia, na tangu hapo kisiwa kimekuwa kama chuo kikuu cha minyoo. Kuna jambo moja la maabara za namna hiyo ninalopenda kulisimulia. Kipimo cha choo kinachotumika katika tafiti hupakwa kwenye kioo na kufunikwa kwa selofeni iliyolowekwa gliserini, na gliserini ile huyayeyusha mayai ya safura machoni. Ukichelewa zaidi ya saa moja hivi hutayaona, utaandika kwamba mtu ni mzima. Mayai ya minyoo wengine yanasubiri. Safura haisubiri. Nadhani ndiyo maana imezoea kutohesabika.

Hao minyoo wengine nitawapitia haraka, kwa kuwa ndio wanaojulikana zaidi. Mchango, wale warefu kama wa ardhini wanaofika sentimita 30 na kumtoka mtoto hadi mama akapiga kelele, huingia kwa mdomo kupitia mikono na mboga zisizooshwa. Wakijikusanya huziba utumbo, na hapo ni kisu cha daktari. Mnyoo mjeledi hukaa utumbo mpana, na akizidi mtoto huharisha damu na hata kutokwa na sehemu ya haja kubwa. Wote hawa kilele chao ni utotoni, miaka mitano hadi kumi na mitano. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 1.5 wana minyoo wanaoenezwa kwa udongo, na picha inayowekwa juu ya idadi hiyo siku zote ni ya mtoto.

Hapo ndipo tatizo linapoanza. Safura haina kilele cha utoto. Inapanda polepole kadiri mtu anavyokua, inafika juu akiwa mtu mzima, na inabaki hapo hapo, maana mwili haujifunzi kuikinga na unyayo hauachi kukanyaga shamba. Dawa tumeipeleka shule. Kuna sababu njema: shule ina walimu, ina orodha ya majina, ina watoto waliokaa mahali pamoja, na kidonge cha albendazole cha miligramu 400 hutafunwa kama peremende baada ya uji. Kule Busia, magharibi ya Kenya, jaribio lililoanza mwaka 1998 katika shule 75 lilionyesha kwamba utoro ulipungua kwa robo, na Michael Kremer aliyelichapisha pamoja na Edward Miguel alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019. Wachumi wamegombana kuhusu takwimu hizo miaka mingi, na wana haki ya kugombana. Mimi ninachouliza ni kitu kidogo: mtoto akishatafuna, anarudi wapi? Anarudi kwenye shamba la mama yake, bibi yake na baba yake, ambao hakuna aliyewapa kidonge na ambao ndio wanaoutilia mchanga mayai.

Swali hilo lilipata jibu Kwale, pwani ya Kenya. Kati ya 2015 na 2017 watafiti wa Kenya na Uingereza walifanya jaribio walilolipa jina la TUMIKIA, ufupisho wa Tuangamize Minyoo Kenya, Imarisha Afya. Walichukua maeneo 120 ya huduma za afya ya jamii wakayagawa mafungu matatu kwa bahati nasibu. Fungu la kwanza liliendelea na dawa za shuleni mara moja kwa mwaka. La pili wahudumu wa kujitolea walipita nyumba kwa nyumba, wakawapa wote kuanzia miaka miwili, mara moja kwa mwaka. La tatu vivyo hivyo, lakini mara mbili. Rachel Pullan na wenzake walitoa majibu mwaka 2019. Kwenye dawa za shule peke yake safura ilishuka kutoka asilimia 18.6 hadi 13.8. Kwa nyumba kwa nyumba mara moja kwa mwaka, kutoka 17.9 hadi 8.0. Kwa mara mbili, kutoka 20.6 hadi 6.2. Dawa ni ileile. Kilichobadilika ni nani amekunywa.

Tena watu wazima wa pwani waliwahi kupata dawa hiyo bila kuijua. Kampeni za matende na mabusha, zilizoanza Zanzibar mwaka 2001 na kuenea ukanda wote, zilimpa kila mtu albendazole pamoja na ivermectin. Babu aliyekunywa kwa kuogopa busha alikuwa anamuua na mnyoo wa safura, kwa bahati ya jirani kama tunavyosema. Lakini matende yakishadhibitiwa mahali, kampeni hufungwa, na bahati ya jirani huondoka nayo. Mtu mzima anayebaki kwenye ratiba ni mjamzito, anayepewa kidonge kliniki baada ya miezi mitatu ya kwanza. Akishajifungua, husahauliwa mpaka mimba nyingine.

Wala kidonge si uchawi. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2008 na Jennifer Keiser na Jürg Utzinger yalikuta dozi moja ya albendazole huponya safura kwa asilimia 72, lakini dozi moja ya mebendazole, ambayo nayo hugawiwa kwa mamilioni, asilimia 15 tu. Ukinunua dawa ya minyoo dukani ni vizuri kusoma jina lililoandikwa. Kwa mnyoo mjeledi zote mbili ni dhaifu, na wafugaji wa mbuzi na kondoo wanajua vizuri kinachotokea dawa moja ikitumika miaka nenda miaka rudi: minyoo huizoea. Habari njema kidogo imetoka tena Pemba: mwaka 2023 Emmanuel Mrimi na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio la emodepside, dawa iliyotengenezwa kwanza kwa ajili ya paka, ambayo ilimshinda mnyoo mjeledi kwa kiwango ambacho dawa za zamani hazikukaribia, na ikaonyesha nguvu dhidi ya safura pia. Bado iko kwenye majaribio.

Shangazi alipelekwa zahanati mara tatu. Mara ya kwanza na ya pili walimpima damu, wakasema ipo tano, wakampa vidonge vya damu na kumwambia anywe juisi ya rozela. Alipata nafuu, vidonge vikaisha, akarudi alikokuwa, kama mtu anayetekea maji kwa pakacha. Mara ya tatu alimkuta nesi mwingine, binti mdogo aliyetoka chuo karibuni. Yule nesi hakutazama macho wala kucha. Alitazama miguu.

"Mama, dawa ya minyoo umekunywa lini mara ya mwisho?"

Shangazi akacheka, akamgeukia baba. "Minyoo? Mwanangu, mimi mtu mzima."

Alipewa dawa pamoja na vile vidonge vya damu, akaendelea navyo miezi mitatu, na masika yaliyofuata alipanda kilima cha kisimani na ndoo kichwani, anaongea njia nzima. Hamu ya udongo ikamtoka pole pole. Pindo la kanga likabaki na hela. Baba akamnunulia ndala, kwa sababu nesi alisema asitembee peku.

Anazivaa mpaka leo. Nimekwenda kumtembelea mwezi uliopita, mvua ilikuwa imenyesha usiku, nikamkuta shambani ameinama kwenye muhogo, na ndala zake zimewekwa chini ya mkorosho, safi, zimeegemeana. Nilimuuliza. Akasema kwenye tope zinanasa, mtu hapigi jembe akiwa anazivuta ndala. Halafu, akasema, zile ni za kwendea mjini.